Diski mbili za shangazi pale Makoroboi

Shangazi yangu alikuwa na duka la kudarizi Makoroboi, katikati ya mji wa Mwanza. Nembo za sweta za shule, majina kwenye mashuka ya maharusi, kofia, jezi za timu za mtaani, zote zilitoka pale. Mashine yake ni ile ya sindano nyingi inayopokea kazi kutoka kwenye kompyuta, na kompyuta yenyewe ilikuwa Dell OptiPlex ya mtumba yenye Windows XP na programu ya kudarizi ambayo haifunguki mpaka kuwe na kidude kimechomekwa nyuma, kwenye ile poti ndefu ya printa za zamani. Kile kidude ndo leseni, na ile CD ya kuinstolia programu ilishachunika siku nyingi, haisomeki. Yan kila kitu kinacholisha lile duka kilikuwa ndani ya diski moja ya GB 80.

Mwaka 2017 mwezi wa tano shangazi akanipigia, sauti imebadilika kabisa. "Baba, njoo, wanataka kunifutia mashine."

Ni hivi. Wateja walikuwa wameanza kutuma nembo kwa WhatsApp na imeili, na XP ilikuwa imeshaachwa na dunia. Microsoft walishaacha kuihudumia toka tarehe 8 Aprili 2014, na Chrome nayo ikaacha kutoa toleo jipya la XP mwaka 2016, kwahiyo kurasa nyingi zilikuwa zinagoma tu kufunguka. Halafu mwezi uleule kile kirusi cha WannaCry kilikuwa kinazunguka dunia kinafunga mafaili ya watu kinadai hela, mpaka Microsoft wakalazimika kutoa kiraka cha XP wakati walishaiweka pembeni. Shangazi kasikia redioni, akaogopa, akamwita fundi mmoja wa hapo mtaani aiangalie. Yule fundi akaingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya kompyuta inayotangulia Windows, akabadilisha mpangilio wa SATA, yan namna kompyuta inavyoongea na diski, akaweka ule mpya uitwao AHCI, kasema itaenda fasta. Kuwasha tena, skrini ya bluu. Akasema diski imekufa, apige Windows mpya hapohapo juu yake.

Nilipanda daladala kutoka Buzuruga nikiwa naomba tu asiwe ameshaanza.

Nilifika nikakuta dada anayeshonea pale kakaa na pini mdomoni hana la kufanya, na mzee mmoja wa shule ya upande wa Sengerema, kavuka na kivuko cha Kamanga asubuhi, kakaa kwenye benchi anasubiri sampuli ya nembo, maana sweta zilitakiwa kabla shule hazijafungua mwezi wa saba. Shangazi hakunisalimia hata. Nikawasha nikaona namba pale chini ya bluu, 0x0000007B, moyo ukatulia. Namba hiyo inasema Windows imeshindwa kuifikia diski yake ya kuwashia, na XP ya kawaida haina draiva ya AHCI, yan programu ndogo ya kuiwezesha kuongea na diski kwa mpangilio huo, kwahiyo ukibadilisha ule mpangilio ni kama umeificha diski yake mbele ya macho yake. Diski yenyewe nzima. Nikabonyeza F2, nikarudisha ule mpangilio wa zamani, kuwasha XP hiyo hapo na ule mlima wake wa kijani. Dada akatoa pini mdomoni akasema "kaka asante" na mashine ikaanza kupiga sampuli ya yule mzee.

Ila nisingeweza kuondoka pale nikaacha vile. Tatizo la shangazi lilikuwa la kweli, alihitaji Windows mpya kwa ajili ya intaneti na alihitaji ya zamani kwa ajili ya mkate wake. Na programu ile usingeihamishia Windows mpya ya 64-bit, ile aina ya kisasa, hata ungekuwa na CD, kwa sababu draiva ya kile kidude ni ya 32-bit, aina ya zamani, na Windows ya 64-bit haipokei draiva za hivo. Watu wanaona kitu kikiwa cha zamani dawa ni kufuta, mi sikubaliani na hilo mpaka leo. Kitu kinafanya kazi, kinalipa ada za watoto, unakifuta kwa sababu gani?

Nikamwambia shangazi tununue diski nyingine, tuweke Windows 10 humo, ya zamani isiguswe. Akauliza zitakaa vipi mbili kwenye boksi moja zisigombane. Nikamweleza kila moja itajiwasha yenyewe, haitegemei faili hata moja la mwenzake. Akafikiri kidogo akasema, "Kwahiyo kila mke na nyumba yake." Ndo hivohivo shangazi.

Nikashuka maduka ya Barabara ya Pamba nikapata diski mpya ya GB 500 na nyingine ya mtumba ya GB 160 na waya za SATA. Jioni duka lilipofungwa nikafungua ile Dell. Ndani nilikuta nyuzi. Vumbi lote la nyuzi za miaka lilikuwa limejisokota kwenye feni ya prosesa, jekundu na bluu na la dhahabu, limeshikana kama kitambaa, nikalitoa kwa brashi ya kusafishia mashine.

Kazi ya kwanza ilikuwa kopi. Nikawasha kwa flashi yenye Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, nikanakili ile ya GB 80 yote kama ilivyo kwenda kwenye ya GB 160, XP, programu, nembo zote za miaka. Katikati umeme ukakatika, tukakaa gizani na shangazi tunasikiliza jenereta za jirani. Hakuna kilichoharibika maana ya zamani ilikuwa inasomwa tu haiandikwi, umeme uliporudi nikaanza upya mpaka ikaisha. Ile kopi nikaizungushia kitambaa ikaenda kwenye droo ya hela.

Hapa sasa ndo pa kuwa makini. Kabla ya kupiga Windows 10 nilichomoa diski ya zamani kabisa, waya wa umeme na wa data. Ukiziacha zote mbili zimechomekwa, Windows mpya inaweza kwenda kuweka faili zake za kuwashia kwenye diski ya zamani, juujuu unaona zote zinawaka, kumbe siku ya zamani ikifa na mpya nayo haiwaki. Nikapiga Windows 10 ikiwa peke yake, nikazima na ile Fast Startup, maana nayo inaleta balaa, kompyuta inajifanya imezimwa kumbe imesinzia tu, ukiingia upande wa pili ukagusa mafaili yake yanaweza kuharibika. Ndo nikarudisha ya zamani. Kila upande nikaiondolea diski ya mwenzake ile herufi yake, kama D, isionekane kwenye orodha ya diski. Na kadi ya mtandao nikaizima kwenye XP, isitoke nje tena.

Shangazi akachukua uzi mwekundu akafunga kwenye waya wa diski ya zamani na wa bluu kwenye mpya, fundo lile la kumalizia mshono, akasema yeyote atakayefungua hili boksi ajue nyekundu haiguswi. Dada nikamwelekeza asubuhi, ukiwasha tu inaingia XP, ukitaka WhatsApp washa upya bonyeza F12 chagua diski ya pili. Nembo anaipokea huko, anaiweka kwenye flashi, anarudi XP anaichora kuwa mishono, faili la mishono, la aina ya DST, linaenda kwenye mashine. Alishika haraka kuliko nilivotegemea. Sweta za Sengerema zikavuka ziwa kabla ya shule kufungua.

Mwaka 2019 ile ya GB 80 ikaanza kugongagonga, kesho yake haikuwaka. Windows 10 ikawaka yenyewe kama kawaida. Dada aliniandikia kwa WhatsApp ya hiyohiyo kompyuta kunieleza, nikaenda, nikatoa kopi kwenye droo nikaichomeka kwenye ule waya wenye uzi mwekundu, XP ikaja na nembo zote. Shangazi aliinuka akahesabu hela palepale akanituma tena Barabara ya Pamba, nitengeneze kopi ya hiyo kopi kabla sijarudi nyumbani.