Umeme Ukikatika Katikati ya apt

Tanga, usiku wa masika

Masika yameingia, na kwa wanaotunza kompyuta za mji huu, kuanzia maduka ya steshenari ya Ngamiani hadi vyumba vya mafunzo vya Chumbageni, huu ndio msimu wa umeme kuondoka bila kuaga. Mashine ya Linux ikizimika apt (kisakinishi chake cha programu) ikiwa inasakinisha, ikiwashwa tena hugoma: hakuna kifurushi kinachoingia wala kinachotoka. Mwenyewe hukimbilia simu, akatafuta amri ya kubandika. Hapo ndipo roho inaponiuma. Umeme wenyewe huharibu kidogo tu. Kinachoumaliza mfumo ni amri zinazobandikwa baadaye bila kusomwa.

Kifurushi ninachosema hapa ni cha programu. Cha intaneti nakiita bando, kama tunavyokiita wote.

Chini ya apt, katika Debian, Ubuntu na Mint, yupo mfanyakazi anayeitwa dpkg. Kazi yake ina hatua mbili. Kwanza anafungua kifurushi na kutandaza mafaili yake mahali yanapostahili. Kisha anakiandaa: anaendesha hati ndogo iitwayo postinst, inayowasha huduma, kuunda mtumiaji wa mfumo na mengineyo. Kila hatua anaiandika katika /var/lib/dpkg/status. Ndiyo maana umeme ukirudi, dpkg anakumbuka alipoishia. Muulize kabla ya kufanya lolote:

dpkg --audit
dpkg -l | grep -v '^ii'

Tazama herufi za mwanzo wa kila mstari. ii ni kifurushi kilichokamilika. iU kimefunguliwa ila hakijaandaliwa. iF kilikatikia kwenye maandalizi. iH kilikatikia wakati kinafunguliwa, na hicho ndicho kibaya zaidi. Herufi ya tatu ikiwa R, kinadai kusakinishwa upya. rc isikutishe: programu iliondolewa zamani, imebaki mipangilio yake tu.

Kwa iU na iF dawa ni sudo dpkg --configure -a, inayoendelea pale kazi ilipokatika. Ikilalamika kwamba kuna kifurushi kinachotegemewa na hakipo, fuatisha sudo apt --fix-broken install. Kwa iH, sudo apt install --reinstall na jina la kifurushi. Mara nyingi safari huishia hapa. Ila apt ikikuletea orodha ya vitakavyoondolewa, isome yote. Ukiona humo mna ubuntu-desktop au kifurushi cha mtandao unaoutumia, jibu n, utafute sababu kwanza.

Kufuli, linalozuia programu mbili kugusa vifurushi kwa wakati mmoja, nalo lina kisa chake. Ujumbe unasema “Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend”, na ushauri unaozagaa ni kulifuta faili hilo kwa rm. Usifanye hivyo. Kufuli lenyewe halimo katika kuwepo kwa faili. Kinachozuia ni programu iliyolishikilia. Ukilifuta, ile programu inaendelea kuandika, na ya pili inaunda faili jipya la jina lile lile, ikaingia ndani ikijua iko peke yake. Sasa wawili wanaandika daftari moja. Uliza nani kashika:

sudo fuser -v /var/lib/dpkg/lock-frontend

Aghalabu ni unattended-upgrades, inayoweka masasisho ya usalama yenyewe muda mfupi baada ya mashine kuwashwa. Kwa mtandao wa simu wenye mawimbi hafifu inaweza kuchukua nusu saa. Iache imalize. Ukitaka apt isubiri badala ya kukata tamaa, mwongezee -o DPkg::Lock::Timeout=600, yaani sekunde 600. Na mashine ikizimika ghafla, kufuli linaachiwa lenyewe, kwa hiyo baada ya umeme kukatika hakuna kabisa sababu ya kulifuta.

Kuna wakati --configure -a inagota pale pale kila ukiirudia. Hapo postinst ya kifurushi fulani inashindwa, na kuirudia mara kumi hakutaibadilisha. Soma /var/log/apt/term.log, si mstari wa mwisho tu. Kosa lenyewe huwa mistari kadhaa juu yake. Hati iko /var/lib/dpkg/info/, kwa jina la kifurushi na mkia .postinst. Ikiwa ndani yake kuna set -e, igeuze kwa muda iwe set -ex, kisha endesha sudo dpkg --configure na jina hilo: utaona kila amri inavyopita hadi ile iliyokwama. Kwa seva, sababu ya kawaida ni huduma isiyoweza kuanza kwa kuwa mlango wake wa mtandao (port), tuseme 80, umeshikwa na huduma nyingine. sudo ss -ltnp itakutajia mwenye mlango. Tafadhali, usiibadili hati iwe exit 0 ili kosa linyamaze. Kifurushi kitaandikwa ii huku hakifanyi kazi, na atakayekuja baada yako atapoteza siku nzima.

Umeme ukikatika kwa bahati mbaya zaidi, madaftari yenyewe ya dpkg huharibika. Ukisoma “parsing file '/var/lib/dpkg/updates/0001' near line 0”, kuna kipande kilichoandikwa nusu. Hamisha mafaili yaliyomo katika folda hiyo ya updates, usifute, kisha rudia --configure -a. Ukiambiwa orodha ya mafaili ya kifurushi haina mstari wa mwisho au ina jina tupu, hamisha ile .list iliyotajwa kutoka /var/lib/dpkg/info/ na ukisakinishe upya kifurushi hicho. Likiharibika status lenyewe, lipo status-old pembeni yake, na lipo /var/backups/dpkg.status.0 na ndugu zake wa siku zilizotangulia. Nakili lililoharibika kwanza, ndipo urudishe la zamani. Halafu angalia diski: dmesg ikitaja makosa ya I/O (ya kusoma na kuandika), au smartctl -a ikionyesha Current_Pending_Sector zaidi ya sifuri, acha kuhangaika na vifurushi. Toa data za watu, ununue diski.

Sasa saa. Hili linawasumbua wengi mjini na halitajwi vya kutosha. Mashine nyingi za mezani zilizotumika zina betri ya CR2032 iliyokufa, ile ya duara ya volti 3 iliyo kwenye mazabodi. Kila zikikosa umeme saa inarudi miaka nyuma, na ukiendesha apt update unaambiwa “Release file is not valid yet”. Hazina, yaani seva ambako apt inachukua vifurushi, haina ubaya. Orodha yake imetiwa sahihi na tarehe, na kwa saa ya mashine yako tarehe hiyo bado haijafika. Tovuti za https nazo zinakataa kwa sababu iyo hiyo. Jaribu sudo timedatectl set-ntp true. Mtandao ukizuia, andika mwenyewe kwa sudo date -s kisha sudo hwclock -w ili iingie hadi kwenye bodi. Uwe makini na hesabu zetu: kompyuta inaanzia usiku wa manane, sisi tunaanzia machweo na macheo. Saa mbili asubuhi unaandika 08:00, saa mbili usiku 20:00. Aliyeandika 02:00 asubuhi kaiacha mashine saa sita nyuma, na kwa kuwa hazina za Debian huhuishwa mara kadhaa kwa siku, saa sita zinatosha kulirudisha kosa lile lile. Eneo la saa liwe Africa/Dar_es_Salaam. Betri yenyewe ni kitu cha bei ndogo. Ibadilishe, usiwe unaweka saa kila asubuhi.

Kuhusu bando nina neno moja: tenganisha kushusha na kusakinisha. sudo apt full-upgrade --download-only inashusha vifurushi vyote hadi /var/cache/apt/archives bila kugusa mfumo. Ifanye usiku, bando likiwa nafuu. Mtandao ukikatika apt huendelea ilipofikia, na umeme ukikatika hapo hakuna kinachovunjika. Kusakinisha kusubiri Luku ikiwa na uniti za kutosha, laptopu ikiwa na chaji, au UPS ikiwa nzima. Kwa chumba chenye kompyuta 20, weka apt-cacher-ng kwenye mashine moja. Nyingine zote ziwe na faili /etc/apt/apt.conf.d/00proxy lenye mstari huu, kwa anwani ya mashine yako:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Kifurushi kitashushwa mara moja kwa chumba kizima, mradi hazina zinatumia http. Usalama haupungui, maana apt hukagua sahihi ya orodha na alama ya kila faili.

Alama hizo zikitofautiana ndipo linapokuja “Hash Sum mismatch”. Futa yaliyomo katika /var/lib/apt/lists/, endesha sudo apt clean, kisha apt update. Likirudi kwa faili tofauti kila mara, na programu nyingine zinaanguka ovyo, shuku RAM. Hewa ya bahari hapa ina chumvi na unyevu, na miguu ya RAM hupata kutu. Zima, chomoa umeme, isafishe miguu kwa ufutio wa penseli, irudishe, kisha iache memtest86+, kipimo cha RAM, ikimbie angalau mzunguko mmoja mzima.

/boot, sehemu yenye mafaili ya kuwashia mashine, ikijaa, df -h /boot itakuambia. Kerneli mpya (kiini cha mfumo) inashindwa kuandika initrd yake, faili linaloisaidia kuwaka, na dpkg anabaki na iF. Tazama kwanza uname -r, hiyo ndiyo kerneli unayoitumia na haiguswi. Hamishia /root initrd ya kerneli kongwe kuliko zote, endesha sudo dpkg --configure -a, kisha sudo apt autoremove --purge iondoe kerneli za zamani kwa utaratibu.

Kupanda toleo ni jambo zito zaidi. Usiruke ngazi: Ubuntu 20.04 inakwenda 22.04 ndipo 24.04, na Debian 11 inapita 12 kabla ya 13. Kabla ya kuanza, maliza masasisho yote ya toleo ulilonalo, angalia apt-mark showhold kama kuna vilivyozuiwa, na uzime hazina za watu wengine zilizo katika /etc/apt/sources.list.d. Hizo ndizo chanzo kikubwa cha vifurushi vinavyovutana: zina toleo jipya kuliko la mfumo, na apt haikubali kurudi nyuma yenyewe. apt policy na jina la kifurushi itakuonyesha kila toleo na hazina lilikotoka. Ukiwa kwa mbali kupitia SSH, fungua tmux kwanza, ili mtandao wako ukikatika kazi iendelee kule.

Kwa Debian, badilisha jina la toleo katika hazina, mfano bookworm (12) kuwa trixie (13), endesha apt update, halafu kwa hatua mbili: apt upgrade --without-new-pkgs, kisha apt full-upgrade. Anayetoka 11 kwenda 12 aongeze neno non-free-firmware katika mistari ya hazina kama alikuwa anatumia non-free, la sivyo firimwea ya Wi-Fi (programu ya ndani ya kifaa chenyewe) haitasasishwa tena. Katikati utaulizwa kuhusu mafaili ya mipangilio uliyoyabadilisha. Bonyeza D uone tofauti kabla ya kujibu. Ukibaki na lako, jipya litawekwa pembeni kwa mkia .dpkg-dist, ukichukua jipya, lako litahifadhiwa kwa mkia .dpkg-old.

Na mashine za zamani za biti 32, ambazo bado zinachapa barua na vyeti Ngamiani: Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina kisakinishi wala kerneli ya i386, yaani ya biti 32. Endesha lscpu, usome mstari wa CPU op-mode(s). Ukitaja 32-bit peke yake, ibakishe mashine hiyo kwenye Debian 12. Ukitaja na 64-bit, hifadhi data uiwekee mfumo wa amd64, yaani wa biti 64, upya. Usijaribu kuigeuza ikiwa inatembea.