Francis Bay na okestra yake ya televisheni

Francis Bay, aliyezaliwa kwa jina la Frans Bayezt mwaka 1914 huko Rijkevorsel, kaskazini mwa Ubelgiji, alikuwa mpigaji wa klarineti, saksofoni na tromboni kabla ya kuwa kiongozi wa okestra. Wanaomtaja siku hizi humtaja kwa sababu ya Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya alikoongoza okestra kwa nyimbo za Ubelgiji, na hukimbilia kuhesabu pointi: mwaka 1961 Ubelgiji iliambulia pointi 1 tu, na mwaka 1973 ikashika mkia. Naona huko ni kumdhulumu.

Kazi iliyomjenga ilikuwa ya utangazaji. Tangu miaka ya 1950 aliongoza okestra ya televisheni ya Waflandria, yaani Wabelgiji wanaozungumza Kiholanzi, na shirika la taifa lilipogawanywa kwa misingi ya lugha mwaka 1960, yeye alikuwa upande wa Kiholanzi, yaani BRT. Okestra ya aina hiyo haichagui kazi: inamsindikiza mwimbaji wa mapenzi, kisha inageukia swingi, mtindo wa jazi, yenye tarumbeta kali, na kipindi kinapokuwa hewani moja kwa moja hakuna nafasi ya kurudia.

Kwa kuwa mashirika mawili ya Ubelgiji yalipokezana kupeleka wimbo Eurovision, safari zake ziliangukia miaka ya witiri, kuanzia Cannes mwaka 1959 hadi Yerusalemu mwaka 1979. Huko hakuongoza wanamuziki wake mwenyewe, bali okestra ya wenyeji, ambayo ilibidi aizoeshe wimbo kwa mazoezi machache. Mwaka 1971 mambo yalikuwa magumu zaidi. Wimbo ulikuwa wa Nicole na Hugo, lakini ugonjwa uliwazuia kusafiri, na nafasi yao mjini Dublin ikachukuliwa na Lily Castel na Jacques Raymond. Waimbaji wakibadilika, pumzi na mwendo wa wimbo navyo hubadilika, na anayepaswa kuyashika yote hayo ni yule aliyewapa hadhira mgongo.

Wimbo ninaoupenda kuliko zote alizoziongoza ni ule wa mwimbaji Ann Christy wa mwaka 1975, unaoanza kwa Kiholanzi na kumalizikia kwa Kiingereza, jambo lililoruhusiwa na kanuni za wakati ule. Ulishika nafasi ya 15. Hata hivyo, ukiusikiliza kwa makini utasikia jinsi okestra inavyompisha mwimbaji mwanzoni, kisha inavyopanda pamoja naye bila kumfunika hata mara moja.