Mguu wa papa, miezi kumi na minne baadaye

Papa, baba yangu, alikuwa analala ameketi. Kitandani hakumaliza saa moja, maumivu ya mguu wa kushoto yalimwamsha, akaenda kwenye kiti cha sebuleni, hapa kwetu Kadutu, Bukavu, akauning'iniza mguu hadi kukuche. Mama alidhani ni baridi, akamnunulia soksi za sufu. Mimi ni muuguzi, naosha vidonda kila siku, na bado nilichukua wiki tatu kuelewa: mishipa inayopeleka damu mguuni ilikuwa imeziba, na mguu ukining'inia, damu kidogo inateremka yenyewe, maumivu yanapungua.

Kidonda kilikuwa kwenye kidole cha pili, cheusi, si kikubwa kuliko punje ya kahawa. Papa ana sukari miaka mingi. Tulikompeleka kwanza walitaka kukata chini ya goti siku ya tatu, na hakuna aliyegusa juu ya unyayo kutafuta mapigo. Hilo linaniuma mpaka leo. Mguu usikatwe kabla ya kujua damu inafika wapi. Hata kile kipimo cha kulinganisha presha ya kifundo na ya mkono kinaweza kudanganya kwa mwenye sukari: ateri zake, yaani mishipa inayopeleka damu, zimekuwa ngumu kama zimepakwa chokaa, hazibanwi, namba inatoka nzuri. Ndiyo maana hupimwa pia presha ya kidole gumba.

Tuliuza kipande cha shamba la Kabare, mashangazi wakachanga, tukaenda India.

Daktari alinionyesha picha. Chini ya goti kuna ateri tatu. Kwa papa ilibaki moja nyembamba, ile inayopita kando ya mfupa mdogo wa muundi. Walimtia ganzi kwenye kinena tu, wakapitisha waya mwembamba kama uzi hadi kwenye ateri ya mbele iliyoziba, kisha puto la milimita 2.5 la kuifungua. Papa alikuwa macho, akisali rozari kwa sauti ya chini. Jioni niliweka mgongo wa mkono wangu juu ya unyayo wake. Ulikuwa na joto. Nililia palepale.

Daktari hakuniahidi makubwa. Alisema mishipa hii midogo huziba tena mara nyingi, wakati mwingine ndani ya mwaka. Kwa hiyo tunakimbizana na muda: damu ikifika miezi michache, kidonda kinafunga, na mguu uliopona unahitaji damu kidogo kuliko mguu wenye kidonda. Kwake yeye, matokeo ni papa kutembea. Picha ya mshipa inakuja baadaye.

Nilimuuliza kama upasuaji wa kupandikiza mshipa, ili damu ipite kando ya palipoziba, ungekuwa bora. Tafiti kubwa hazikubaliani. BEST-CLI ya 2022, watu 1,830, iliupa ushindi upasuaji kwa wenye mshipa mzuri wa mguuni wa kupandikiza. BASIL-2 ya 2023, watu 345, ilihusu hasa walioziba chini ya goti kama papa: walioanza na upasuaji, 63 kati ya 100 walikatwa mguu juu ya kifundo au walifariki, walioanza na puto, 53. Tofauti ilitokana zaidi na vifo. Namba hizo nilizisoma mara nyingi usiku. Hata upande ulio bora, zaidi ya nusu. Ugonjwa huu unaua, na anayekuja na kidole cheusi ana moyo wa kuchunguzwa pia.

Kidole kile kilikatwa, kimoja tu. Kidonda kilifunga mwezi wa tano baada ya puto, nikikifunika mwenyewe kila siku ya pili. Mwezi wa kumi Dopla, kipimo cha mwendo wa damu mshipani, ilionyesha mshipa umeanza kubanwa tena. Ngozi haikufunguka. Anameza aspirini na dawa ya mafuta ya damu, na sigara aliacha kabla hatujapanda ndege.

Sasa analala kitandani. Kila jioni namulika kati ya vidole kwa tochi ya simu, kisha naweka mkono.

“Mama, iko moto?” ananiuliza.

“Iko moto, papa.”