Kikao kilianzia ukumbini kikaishia barazani

Naanza kwa kukiri. Adapta ya projekta niliiacha ofisini, juu ya meza, pembeni ya chaja ambayo nayo niliiacha. Slaidi 42 nimekesha nazo siku nne, zina rangi, zina mishale, zina picha ya mzinga unazunguka, af nafika hotelini na waya usioingia popote.

Turudi nyuma kidogo. Kampuni yetu ni ndogo, watu 13 ukinihesabu na mimi, tunanunua asali kwa warina wa Sikonge na Urambo, tunachuja, tunapaki, tunapeleka Dar. Kila mwaka kikao cha mwaka tunafanyia palepale stoo, tunakalia ndoo zilizogeuzwa, na kila mwaka kinaisha kwa watu wa mauzo kutosalimiana na watu wa stoo mpaka wiki ipite. Mwaka huu nikasema hapana, tutoke tukalale hata usiku mmoja, tufanye na hiyo timu bildingi ambayo kila mtu anaisema. Vijana wa mauzo walitaka Kigoma, tukalale kando ya ziwa, na kusema kweli nilitamani, maana pale unashukia kwenye stesheni ya Mjerumani yenyewe, reli ilifika 1914, na meli ya Liemba nayo ina stori ya kufanyia semina nzima: ililetwa vipande vipande kwenye maboksi, ikaundwa palepale, 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe, 1924 ikaibuliwa na 1927 ikarudi kazini. Ila nauli ya watu 13 kwenda na kurudi, mhasibu wetu alicheka tu, hakujibu.

Basi tukabaki Tabora yetu. Tukaenda Orion, ambayo zamani ndo ilikuwa hoteli ya reli, jengo la enzi za Mjerumani. Jambo la ajabu ni kwamba kati yetu 13, wanane wamezaliwa hapahapa mjini na hawajawahi kuingia mle ndani. Wamepita nje miaka yote. Mzee wetu wa stoo aliingia amevaa koti, mwisho wa Oktoba, jua la Tabora mnalijua, nikamwambia mzee wangu vua basi koti utaungua, akanijibu "bosi, hapa zamani mtu kama mimi angeingia kwa mlango wa jikoni, niache na koti langu". Nikamwacha.

Sasa hiyo adapta. Tulikaa ukumbini kama nusu saa nikihangaika, mara waya huu mara ule, watu wameshaanza kutoa simu. Mama mmoja wa upakiaji akasema jamani humu kuna joto, si tukae tu barazani. Tukabeba viti tukatoka.

Na hapo ndo nikaelewa kitu ambacho Kiswahili kilishaniambia tangu zamani ila sikusikia. Baraza ni pale mbele ya nyumba unapokaa, na baraza ni kikao chenyewe, neno ni hilohilo moja. Wazee hawakuwa wajinga. Ukumbini kila mtu anaangalia mbele, anaangalia ukuta, anakuangalia wewe bosi. Barazani hakuna mbele. Viti vinajipanga vyenyewe nusu duara kufuata kivuli, na kivuli kikisogea mnasogea nacho, kwa hiyo kila baada ya muda mtu anajikuta amekaa karibu na mtu ambaye asingemchagua. Dada wa mauzo alijikuta bega kwa bega na yule kijana wa kuchuja ambaye hawajaongea tangu mwezi wa sita.

Wakaongea. Yani waligombana, tuseme ukweli, ila waligombana vizuri. Mauzo wanalalamika stoo wanachelewesha mzigo, stoo wanasema nyie mnamwahidi mteja asali ambayo bado ina nta ndani, asali haikimbizwi, ukiipasha moto ili ichuje haraka umeiharibu. Nilitaka kuingilia mara tatu. Mzee wa koti akanizuia kwa mkono, akasema waache, hapa Tabora watu washabishana makubwa kuliko haya. Akaanza na ya January 1958, mkutano mkuu wa TANU uliofanyika mjini hapa, walivyobishana kuhusu ile kura tatu, kwamba kila mpiga kura lazima achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia, wengine wanasema tususe, Nyerere anasema tuingie hivyohivyo tukashinde humohumo. Wakakubali kuingia. Zuberi Mtemvu, mwenzao ndani ya TANU, hakukubaliana, akatoka akaanzisha chama chake. "Na TANU haikufa," mzee akamalizia, "kwa hiyo na asali yenu haitakufa." Watu wakacheka, hasira zikapungua. Mpaka alasiri tukawa na makubaliano mawili tu, nimeyaandika nyuma ya bahasha: mauzo wasiahidi tarehe kabla ya kupiga simu stoo, na stoo wapokee simu. Slaidi zangu 42 hazikuwa na hata moja kati ya hayo.

Usiku sina cha kusimulia, tulikula, walioimba waliimba.

Jumamosi asubuhi tukaenda Kwihara, kilometa chache tu kutoka mjini, kwenye tembe la Livingstone. Lilijengwa upya baadaye, ila ukisimama pale kwenye mlango wa kuchonga unapata picha. Wengi tunajua ya Stanley kumkuta Livingstone Ujiji, 1871, basi. Ambacho nilitaka wakisikie palepale ni kilichofuata. 1872 Stanley akaondoka kwenda pwani, Livingstone akabaki hapa miezi mitano anasubiri wapagazi tu. Walipofika wakaondoka mwezi wa nane, na Mei 1873 akafia huko Chitambo, Zambia ya leo. Sasa bosi amekufa. Hakuna wa kuwaamrisha. Watumishi wake, Susi na Chuma na wenzao, wangeweza kugawana vitu kila mtu akashika njia yake, nani angewauliza? Wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba, Oktoba wakafika hapa Unyanyembe, yani Tabora hii hii. Wakamkuta Mwingereza mmoja, Cameron, akawashauri wamzike hapahapa, safari bado ndefu na njia mbaya. Wakakataa. Mbele huko wakaufunga kama robota la nguo ili watu wa vijijini wasijue ni maiti, na Februari 1874 wakaingia Bagamoyo.

Nilikuwa nimejiandaa kuuliza swali la kisomi kuhusu uongozi. Dereva wetu akaniwahi: "Na posho alikuwa anasaini nani?"

Kicheko. Ila swali lake lilitupeleka mbali kuliko langu, maana tukaanza kuulizana ofisini kwetu nani anaweza kuamua kitu mimi nikiwa sipo, na jibu lilikuwa hakuna, hata kununua mifuniko wananisubiri. Hilo lilinikaa vibaya. Mpaka sasa linanikaa vibaya.

Tukarudi hotelini mchana kufunga mizigo. Kwenye pikapu kulikuwa na ndoo moja ya lita 20 imejaa, ya mteja. Nikakumbuka wapagazi wa Kinyamwezi, mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 32, na kutoka hapa mpaka pwani unatembea nao miezi. Ndoo ya asali ni kilo 28 hivi, asali ni nzito kuliko maji. Nikasema haya, kila mtu aiweke begani, kutoka barazani mpaka getini na kurudi. Mmoja anatangulia mbele na kitambaa juu ya fimbo, huyo ndo kirangozi, wengine mnamfuata. Vijana wa stoo walipita nayo wanapiga stori. Mimi nilifika, sitaki kuongea sana.

Mhasibu wetu, ambaye miaka miwili amekataa kusaini pesa ya ziada ya wapakiaji kwa sababu "kubebabeba ndoo ndo kazi yenyewe", alivua viatu, akajitwisha, akaenda. Alifika getini. Kurudi akaishia kwenye mwembe, akaitua chini taratibu, akashika kiuno. Tukanyamaza wote.

"Gari moja mnapakia ndoo ngapi?"

"Tisini, dada."

"Watu wangapi?"

"Wawili."

Akavaa viatu vyake akaingia kwenye gari.

Jumatatu nimekuta fomu mezani, ombi la kununua toroli, sahihi yake tayari iko chini. Pale kwenye sababu ameandika maneno mawili tu: frasila mbili.