Mchanga wa Kigamboni na maganda ya jikoni, nilivyofanya mimi

Huku Kigamboni kwetu ardhi ni mchanga mtupu, unamwagilia mchicha asubuhi, saa sita ushanyong'onyea, maji yamezama yote na mbolea imeenda nayo. Kilichonisaidia ni mboji, yani mbolea ya maganda ya jikoni yaliyoozeshwa kwenye lundo, na faida yake kubwa kwenye mchanga ni kushika maji, hapo ndo wengi hawapajui.

Shida ni kwamba maganda ya nyumba moja hayatoshi, lundo likiwa dogo halipati joto la kuozesha, linataka lifike kama mita moja kila upande. Nikaongea na mama ntilie wa mtaani, ananiwekea maganda ya ndizi na viazi kwenye kiroba, mi nampelekea mchicha, mpaka leo tunaenda hivohivo.

Chini natandika makumbi ya nazi hewa ipite, juu maganda, majani ya chai, na maganda ya mayai yaliyopondwa maana mazima yanachelewa sana. Kila ndoo ya vibichi nafunika na ndoo mbili tatu za majani makavu ya mwembe, yani hapa usibanie kabisa, vibichi vikizidi linanuka na funza wanajaa, makavu yakizidi linakaa tu haliozi. Machicha ya nazi yatawanye kiganja kiganja, ukiyamwaga bonge moja yanachacha, mafuta yale. Samaki, nyama na wali usiweke, utafuga panya. Vifuu washia jiko.

Halafu chomeka kijiti kirefu mpaka katikati, ukiache humohumo. Ukikichomoa kina joto na unyevu ujue kazi inaendelea, kikiwa kikavu nyunyiza maji, kikiwa cha baridi wakati maganda bado unayaona, geuza lundo lote ya ndani yaje nje. Mi nageuza kila baada ya wiki mbili hivi, na mvua za masika nafunika na turubai maana likilowa sana linaoza vibaya.

Kwenye miezi mitatu inakuwa nyeusi, inanukia udongo, ganda hulioni tena. Nachanganya beleshi moja ya mboji na mbili za mchanga, nasia mchicha, kama wiki tatu nne nachuma, na siku hizi namwagilia jioni tu, hata bamia zinavumilia jua. Usiimalize yote lakini, bakisha kidogo uchanganye kwenye lundo jipya.