Siku moja kazini Rungwe: nani hasa afundishwe?

Saa 12:00 asubuhi, Mbeya mjini

Kazi ya leo ni kuchunguza mahitaji ya mafunzo kwa wakulima wa parachichi aina ya Hass katika kijiji kimoja cha wilaya ya Rungwe. Mteja ameshaandika anachotaka: semina ya siku tatu ukumbini, mada 11, washiriki 60, kichwa cha habari "Uvunaji bora na utunzaji wa matunda". Hadidu za rejea nyingi, yaani maelekezo ya kazi kutoka kwa mteja, huja hivyo. Aliyeziandika ameshaamua kwamba shida ni elimu, na mtu wa mafunzo anaitwa kupanga ratiba na chai ya saa nne. Uchunguzi wenyewe unaanzia nyuma ya hapo: matunda yanakataliwa kwa sababu gani, yanaharibikia mikononi mwa nani, na huyo akifundishwa kitabadilika nini?

Mkobani naweka daftari, kalamu, kisu kikali, mkasi wa kuchumia, mzani mdogo wa jikoni unaosoma gramu, makopo 6 ya plastiki yenye vifuniko vilivyotobolewa, na mfuko wa punje za mahindi. Dodoso halimo. Dodoso lina siku yake, baada ya kujua cha kuhesabu. Ukienda nalo siku ya kwanza unarudi na majibu ya maswali uliyojitungia mjini.

Saa 1:00, ndani ya kosta

Kutoka stendi ya Nanenane hadi Tukuyu ni mwendo wa kutosha kusoma. Nimemwomba mteja karatasi za kukataliwa kwa mzigo kutoka kiwanda cha kufungashia. Hizi ni bora kuliko ripoti yoyote, kwa sababu aliyezijaza alikuwa na tunda mkononi. Sababu ni tano: tunda changa, kikonyo kung'oka, michubuko, tunda dogo, alama za wadudu.

Mbili za mwisho naziwekea mstari kabla kosta haijafika Isyonje. Udogo wa tunda na alama za wadudu vinatokana na mbolea, kupogoa na kudhibiti wadudu miezi mingi kabla ya mavuno. Somo la uvunaji haliwezi kuvigusa, hata likifundishwa wiki nzima. Kuna mada nne kati ya zile 11 zinazozungumzia mambo hayo. Zinaweza kuwa mada nzuri za msimu mwingine, lakini si za tatizo hili.

Zinabaki sababu tatu, na zote zinatokea kati ya mti na kituo cha kukusanyia.

Saa 3:00, ofisi ya kijiji

Kitabu cha wageni, salamu, barua ya utambulisho, mtendaji. Hapa kuna jambo moja tu la kuangalia: mtendaji anapokuambia "wakulima wameshaandaliwa", uliza wameandaliwa na nani na wameambiwa nini. Wakiambiwa kuna semina, watakuja wanaopenda semina. Wakiambiwa kuna posho, atakuja kila mtu. Tangu wiki iliyopita ujumbe uliopelekwa ni kwamba kuna mtu anakuja kuona watu wakichuma, hakuna posho, na asiyekuwa na kazi ya kuchuma leo aendelee na shughuli zake.

Ulizia pia kama kuna msiba. Ukiwepo, kazi inaahirishwa bila mjadala. Leo hakuna.

Saa 3:40, shambani

Mwenye shamba ni mzee wa makamo ya juu, parachichi zake ziko katikati ya migomba. Shikamoo, marahaba, habari za ng'ombe, habari za mvua. Namwomba anionyeshe anavyochuma. "Mimi sipandi huko, mwalimu. Vijana ndio wanaochuma."

Jibu hilo lina uzito kuliko chochote nitakachosikia leo. Jina la mzee huyu ndilo liko kwenye orodha ya washiriki 60. Vijana wanne wanaochuma hawamo kwenye orodha yoyote, kwa sababu orodha ilichotwa kwenye daftari la kikundi, na kikundi ni cha wenye mashamba. Mteja angelipia ukumbi, chakula na nauli kuwafundisha kuchuma watu wasiochuma.

Nasimama hatua kumi hivi kutoka mtini, sisemi kitu. Ukirekebisha kosa moja tu, kuanzia hapo utaonyeshwa uchumaji wa wageni. Daftarini kila kitendo kinapata mstari wake: anakagua, anashika, anakata au anavuta, anaweka mfukoni, anashuka, anamimina kwenye kreti, anachagua, anabeba. Pembeni ya kila mstari naandika kilichotokea kweli.

Kwenye matawi ya chini mambo ni mazuri. Kijana mwenye mkasi anakata, anaacha kikonyo kifupi cha milimita chache, anaweka tunda taratibu. Ndivyo inavyotakiwa: kikonyo kikiwa kirefu kinatoboa tunda la jirani ndani ya kreti, kikiwa hakipo kabisa kinaacha kidonda ambacho ukungu unaingilia, na tunda linaoza kuanzia juu likiwa njiani. Lakini mkasi ni mmoja kwa vijana wanne. Watatu wanavuta kwa mkono, wakizungusha kidogo, na kila baada ya matunda kadhaa kikonyo kinang'oka. Kwenye matawi ya juu wanaangua kwa fimbo ndefu; tunda linadondoka kwenye majani, linafutwa kwa shati, linaingia kreti lilelile.

Wakipumzika namuuliza yule anayevuta: "Leo ukiambiwa ukichuma kreti moja bila kikonyo hata kimoja kung'oka unapewa ng'ombe wa maziwa, utaweza?" Wanacheka wote. "Mara moja! Nipe mkasi tu." Waandishi Robert Mager na Peter Pipe ndio walioipa fani yetu swali la aina hii mwaka 1970, wao waliuliza kama mtu angeweza kufanya jambo endapo uhai wake ungetegemea hilo. Vijijini uhai wa mtu hauulizwi ovyo, kwa hiyo naweka ng'ombe, na wilaya hii ng'ombe wa maziwa anaeleweka. Anayeweza kwa ng'ombe hana upungufu wa ujuzi. Ana upungufu wa mkasi, au wa sababu ya kujali.

Swali linalofuata ni la malipo. Wanalipwa kwa kreti, na kreti yenye vikonyo inalipwa sawa na isiyo navyo. Kukata ni polepole kuliko kuvuta. Kijana anayevuta anapiga hesabu vizuri kuliko mada zote 11.

Saa 5:00, chini ya mti karibu na shule

Hapa ndipo uchunguzi unapoharibika mara nyingi, kwa hiyo hapa natumia muda.

Kosa la kwanza ni kuuliza "Mnahitaji mafunzo gani?" Utajibiwa ujasiriamali, mikopo na kilimo bora, kwa sababu ndiyo majina ya semina zilizokwisha kupita. Kosa la pili ni kundi kubwa mno. Watu sita hadi wanane wanazungumza. Wakifika ishirini, wanazungumza watatu na waliobaki wanaitikia. Kosa la tatu ni mwenyekiti wa kikundi kukaa mbele. Huyo si mtu mbaya, ila akishajibu yeye, maswali yameisha. Namwomba kwa heshima ampeleke mwenzangu akaone miche, na anafurahi kwa sababu miche ni yake.

Nimeandaa makundi matatu yanayokaa kwa zamu: wenye mashamba, wachumaji, na akina mama wanaochambua matunda nyumbani. Kila kundi linapewa jaribio lilelile. Matunda sita yanapangwa juu ya jani la mgomba, kila moja na kopo lake lenye kifuniko kilichotobolewa:

1. tunda lililokomaa, wastani, lenye kikonyo;
2. tunda changa, dogo;
3. tunda changa lakini kubwa na linalong'aa;
4. tunda lililokomaa, kikonyo kimeng'oka;
5. tunda lililokomaa, lilidondoka leo kutoka juu, halina alama nje;
6. tunda lililokomaa, dogo.

Kila mtu anapewa punje sita, anapita peke yake, anatia punje kwenye kopo la kila tunda ambalo angelipeleka kwa mnunuzi wa nje. Kopo lenye kifuniko ni la lazima. Ukitumia sahani, mtu wa pili anaangalia punje za wa kwanza, na wa tano anafuata za mtendaji.

Makopo yakifunguliwa, picha inajitokeza yenyewe. Tunda namba 2 halikupata hata punje moja: uchanga wa kawaida wanaujua. Namba 4 lilipata chache, hata kutoka kwa vijana wanaong'oa vikonyo asubuhi nzima. Lakini namba 3 lilijaa kwenye makundi yote, na namba 5 karibu kila mtu alilikubali.

Hayo mawili ndiyo mapengo ya elimu ya kweli. Watu wanapima ukomavu kwa ukubwa. Nakata namba 3 na namba 6 mbele yao: kubwa lina ganda la mbegu nene, jeupe na lenye majimaji, dogo lina ganda jembamba, la kahawia, kavu kama karatasi. Mama mmoja anachukua vipande vyote viwili, anavikwangua kwa ukucha, kisha anamgeukia mwenzake na kuanza kumweleza kwa Kinyakyusa. Mpangilio huu wa mbegu mbili kando kwa kando naupeleka moja kwa moja kwenye somo. Kipimo cha kiwandani ni kingine, cha sehemu kavu ya nyama: gramu 10 mbichi zikaushwe mpaka uzito usishuke tena, zikibaki gramu 2.3 ni asilimia 23. Masoko mengi hudai kati ya asilimia 21 na 24. Mchumaji hahitaji kujua kukipima. Anahitaji kujua kwamba kipo, na kwamba hakidanganywi na ukubwa.

Kuhusu namba 5, shida ni kwamba chubuko la Hass halionekani tunda likiwa gumu. Linajitokeza nyama ikishalainika, wakati huo tunda liko mikononi mwa mtu mwingine. Kwa hiyo somo linahitaji matunda yaliyoangushwa wiki moja au mbili kabla, yakaachwa yaive, yakatwe papo hapo. Nyanda hizi zina baridi, matunda huchelewa kulainika, basi yaandaliwe mapema na yawe ya ziada.

Kisha nauliza swali la mwisho, kwa upole: kama uchanga mnaujua, machanga yaliyokataliwa yalitoka wapi? Kimya kidogo, halafu jibu: ada za shule. Vishoka, yaani madalali wasio rasmi, wanakuja na fedha taslimu kabla msimu haujafika, mkulima anachuma ya kuwauzia, na yaliyobaki yanaingizwa kwenye mzigo wa mnunuzi wa mkataba. Hilo haliponywi na bango kitita, zile karatasi kubwa za kuandikia seminani.

Saa 7:30 mchana

Ndizi na maharage. Wakati wa kula napata majibu ambayo makundi hayatoi. Akina mama wanakamua asubuhi na jioni, kwa hiyo nafasi yao ni kati ya saa tano na saa nane. Siku ya gulio haifai kabisa. Wachumaji wanaanza umande ukikauka, kwa kuwa tunda lililochumwa likiwa limelowa huoza upesi, hivyo asubuhi yenye umande ndiyo muda wao wa kufundishwa bila kupoteza kipato. Ukumbi wa Tukuyu mjini ungewala siku nzima pamoja na nauli.

Kusoma siulizi. Nampa mtu karatasi ya kreti, namwomba anisaidie kuona namba ya shamba iko wapi. Simu pia siulizi. Naomba tupeane namba, na naona kinachotoka mfukoni. Vitochi, simu ndogo za kawaida, ni vingi, maana yake video zilizoandikwa kwenye hadidu za rejea hazitafunguliwa na wanaolengwa.

Saa 9:00, kituo cha kukusanyia

Kreti zimepangwa juani, lori halijafika. Paa hakuna. Naandika saa ya kreti ya kwanza kufika na saa ya lori, sipendekezi mafunzo yoyote hapa.

Saa 2:00 usiku, Mbeya

Naandika nikiwa bado nakumbuka sura za watu. Kila tatizo linaingia fungu moja kati ya matatu. Hawajui: ukomavu kwa mbegu badala ya ukubwa, na chubuko lisiloonekana. Wanajua lakini hawana: mikasi, fimbo za kuchumia zenye kisu na mfuko, paa la kituo. Wanajua na wanaweza, ila hailipi: malipo ya kreti yasiyobagua vikonyo, na fedha ya vishoka.

Fungu la kwanza pekee ndilo linalobuniwa somo. Walengwa: wachumaji wa kulipwa, vijana, wanaoelewa Kiswahili vizuri lakini wanabishana kwa Kinyakyusa, kwa hiyo wawezeshaji wawe wawili na mmoja awe wa hukohuko. Kundi la pili ni akina mama wanaochambua. Muda: saa mbili, shambani, wachumaji wanane kwa mkupuo. Malengo yaandikwe yapimike: akipewa matunda 10 mchanganyiko, achague yaliyokomaa bila kukosea zaidi ya moja, na kila tunda lililogusa ardhi aliweke kreti ya pembeni bila kukumbushwa.

Kwa mteja naambatanisha kurasa mbili. Ya kwanza ni makopo na punje zilivyotoka. Ya pili inamwomba aamue mambo mawili kabla sijaandika somo: nani atanunua mikasi, na kama kreti yenye vikonyo itaongezewa malipo. Akikataa yote mawili, sehemu ya vikonyo naiondoa kwenye somo, na gharama yake naipunguza kwenye ankara.