Majina ya vihisi vya kamera kwenye Linux: acha kutegemea namba ya zamu

Chukua kisanduku kilichofungwa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza: ndani kuna Raspberry Pi 5 (kompyuta ndogo ya bodi moja) na kamera mbili zenye kihisi cha IMX219, yaani chipu inayonasa picha. Moja inatazama mitumbwi inapotia nanga, nyingine inatazama mizani ya dagaa. Programu imeandikwa hivi: kamera 0 ni mitumbwi, kamera 1 ni mizani. Siku utepe wa kamera ya kwanza ukilegea, kamera iliyobaki inapanda na kuwa 0. Kwa upande wa mitumbwi hakuna kosa litakalotokea. Programu itaendelea kuhesabu mitumbwi kwenye picha za mizani, na takwimu zitaharibika kimyakimya. Hilo ndilo linalonifanya nisisitize majina.

Namba kama za /dev/video0 na /dev/v4l-subdev0 hutolewa kwa zamu, kifaa kinachosajiliwa kwanza hupata ndogo. Hazisemi chochote kuhusu kihisi. Jina lenyewe liko kwingine, na utaliona ukiandika:

media-ctl -d /dev/media0 -p

(Kama hakipo kwenye media0, jaribu media1 na kuendelea.) Utakuta kitu kama "imx219 10-0010". Lisome vipande vitatu: imx219 ni draiva, programu inayoendesha kihisi; 10 ni namba ya njia ya I2C, nyaya ambazo kompyuta huzitumia kuamrisha kihisi; 0010 ni anwani ya kihisi kwenye njia hiyo, kwa hesabu ya msingi wa 16, tarakimu nne. Kerneli, kiini cha Linux, hulitunga jina hili yenyewe draiva inapoita v4l2_i2c_subdev_init. Ukiandika draiva yako, liache lilivyo. Chipu yenye sehemu kadhaa ndani, mfano safu ya pikseli na kipunguza picha, huongezewa kiambishi kwa v4l2_i2c_subdev_set_name ili sehemu zisigongane majina.

Kwenye mti wa vifaa (device tree, maelezo yanayoiambia kerneli kuna vifaa gani na viko wapi) utaratibu ni mtengenezaji, koma, namba ya chipu, vyote kwa herufi ndogo: "sony,imx219", "ovti,ov5647". Jina ni la chipu, si la moduli wala la duka lililokuuzia. IMX219 hiyohiyo huuzwa ikiwa na lensi tofauti na bodi za rangi tofauti, na draiva ni moja. Moduli ya Camera Module 3 ni ubaguzi wenye sababu: draiva ya Raspberry Pi huongeza _wide (lensi pana) au _noir (bila kichujio cha infraredi) kwenye imx708, jina la kihisi chake, kwa kuwa marekebisho ya rangi na lensi hutofautiana.

Sasa, je, "10-0010" inatosha kutofautisha kamera zetu mbili? Kwa leo, ndiyo. Anwani ni ileile 0x10 kwa zote, kwa hiyo kinachozitenga ni njia ya I2C, na namba ya njia inaweza kubadilika ukisasisha kerneli. Mimi napendelea kitambulisho cha libcamera (maktaba ya kuendeshea kamera kwenye Linux), ambacho ni njia nzima ya mti wa vifaa. Orodhesha kwa rpicam-hello --list-cameras. Kwenye Pi 5 mwisho wake huwa i2c@88000/imx219@10 kwa tundu la CAM0 na i2c@80000/imx219@10 kwa CAM1. Namba hizo ni anwani za saketi yenyewe. Linganisha mkia huo tu, maana sehemu ya mwanzo, ya pcie, imewahi kubadilika kati ya matoleo. Programu isipoukuta mkia inaoutaka, isimame na kupiga kelele, isichukue kamera yoyote iliyopo.

Ukiweka mambo kwa mkono kwenye /boot/firmware/config.txt, zima utambuzi wa kiotomatiki kwanza, kisha taja kihisi cha kila tundu kwa mstari wa dtoverlay:

camera_auto_detect=0
dtoverlay=imx219,cam0
dtoverlay=imx219,cam1

Kuona "imx219 10-0010" kwenye dmesg (kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli) hakuthibitishi kwamba chipu ipo. Jina limetoka kwenye mti wa vifaa. Ikifuatwa na "failed to read chip id", hakuna aliyejibu kwenye anwani hiyo: kagua utepe kama umegeuzwa au haujazama, na miguu yake kama ina kutu, jambo la kawaida kwa kisanduku kisichozibwa vizuri kando ya ziwa. Ukiona "chip id mismatch", kuna aliyejibu ila si yule uliyemtaja. Mara nyingi ni IMX477 na IMX708, kwani zote mbili hukaa 0x1a. Hapo utepe ni mzima. Badilisha mstari wa dtoverlay.